Wageni wa Varosha

Tuliokuwa tunafuatilia mpira mwaka 2008 tunaikumbuka timu moja yenye jina la kuvunja ulimi: Anorthosis Famagusta. Mwaka ule ilikuwa timu ya kwanza kutoka kisiwa cha Kipro (redioni wengine wanasema Saiprasi) kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Iliwatoa Olympiacos ya Ugiriki, ikawafunga Panathinaikos 3–1, kisha ikatoka sare ya 3–3 na Inter Milan ya Mourinho. Hapa kambini tulisikiliza kwa redio ya betri, tukaishangilia kwa kuwa ni ndogo, na mtu wa kambi hupenda sana mdogo akimtoa jasho mkubwa. Baadaye nikasoma sababu nyingine ya kuishangilia. Ni timu ya wakimbizi.

Nyumbani kwao ni mji wa Famagusta, pwani ya mashariki ya Kipro. Tangu Agosti 1974 timu hiyo haijacheza nyumbani hata mechi moja. Uwanja wake uko mji mwingine, Larnaca, na ulijengwa 1986. Wapo mashabiki waliozaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, wakiimba jina la mji ambao hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Nembo yao ni yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu.

Kutoka kwenye mpira nikafika kwenye mtaa wa ufukweni wa mji huo, unaoitwa Varosha. Nimeufuatilia kwa miaka mingi kuliko inavyofaa mtu asiye na visa wala nauli. Kinachonishika ni hiki: Varosha imekuwa kivutio cha watalii mara mbili. Mara ya kwanza watu walikuja kuona uzuri wake. Mara ya pili wanakuja kuona kuoza kwake. Na wenye nyumba, safari hii ya pili, wanaingia kwa geti lile lile la watalii.

Nianze na ule uzuri, maana ulikuwa wa kweli. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Varosha ndiyo ilikuwa sura ya Kipro kwenye kadi za posta. Mchanga wake ni laini, wa rangi ya dhahabu, na jina la Kigiriki la mji, Ammochostos, maana yake ni kitu kilichofichwa mchangani. Hoteli za ghorofa zilipangwa kwenye barabara iliyopewa jina la Rais Kennedy wa Marekani, moja baada ya nyingine, karibu sana na maji. Ufukwe unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi mgeni aliamka na jua usoni, lakini alasiri vivuli vya hoteli vilianguka mchangani na watu wakahamisha taulo zao kulifuata jua. Zilikuwapo hoteli zaidi ya 40 na vitanda kama 10,000. Yalikuwapo majumba ya sinema, vilabu vya usiku, maduka ya vito, maktaba ya mji. Wacheza sinema wakubwa wa zama zile wanatajwa kati ya wageni wake: Elizabeth Taylor, Richard Burton, Brigitte Bardot. Taylor inasemekana alipenda hoteli ya Argo kuliko nyingine zote.

Ila mji haukuishi kwa watalii peke yao. Nyuma ya hoteli kulikuwa na mashamba ya michungwa, na kila mwaka kulifanyika sherehe ya machungwa, magari yakipita barabarani yamepambwa kwa matunda. Bandari ya Famagusta ilipitisha zaidi ya asilimia 80 ya shehena ya kawaida ya nchi nzima. Basi ukiona picha za wanawake wa Ulaya wamelala mchangani, kumbuka kwamba nje ya picha kuna mpakiaji wa machungwa, kuli wa bandari, dobi wa mashuka ya hoteli. Mji wote ulikuwa na watu kama 39,000. Hao ndio waliokimbia. Elizabeth Taylor hakukimbia, yeye alikuwa na kwao.

Mgeni aliyechoka kuota jua alitembea kidogo kwenda kaskazini, akafika kwenye mji wa kale uliozungushiwa kuta nene. Hapo ndipo historia inapokuwa nzito, na naomba mniruhusu nikae kidogo. Mwaka 1291 mji wa Akko, katika nchi ya Palestina, ulianguka mikononi mwa Wamamluki wa Misri. Wakristo waliokimbia walivuka bahari wakaingia Famagusta na biashara zao, na katika miaka michache mji huo ukawa kati ya bandari tajiri za Mediterania. Wakajenga kanisa kuu la Mtakatifu Nikolasi, ambalo leo ni Msikiti wa Lala Mustafa Pasha. Mbele yake kuna mti mkubwa unaosemekana ulipandwa wakati ule ule kanisa lilipoanza kujengwa. Mti wenyewe ni mkuyu. Ndiyo, mkuyu wetu huu huu wa Afrika. Watalii wanaupiga picha kama mti wa ajabu.

Mwaka 1571, baada ya kuzingirwa kwa miezi mingi, mji ulianguka tena, safari hii kwa Waosmani wa Uturuki. Kamanda wa Venisi, Marcantonio Bragadin, alichunwa ngozi akiwa hai. Wakristo wa Kigiriki wakaambiwa hawaruhusiwi tena kukaa ndani ya kuta. Wakatoka, wakajenga upya upande wa kusini, kati ya bustani na mchanga. Hiyo ndiyo Varosha. Jina lenyewe linatokana na neno la Kituruki lenye maana ya kitongoji cha nje. Kwa hiyo ule mtaa wa fahari wa miaka ya 1960 ulianza kama makazi ya watu waliofukuzwa, yaani kambi iliyokaa muda mrefu mpaka ikasahau kwamba ilikuwa kambi. Wasomaji wa hapa, hasa mliopanda maembe nyuma ya nyumba zenu na sasa mnauza maembe, mtanielewa.

Kipo pia kipande cha kuta kinachoitwa Mnara wa Othello, kwa sababu Shakespeare aliiweka sehemu kubwa ya tamthilia yake ya Othello kwenye mji wa bandari wa Kipro. Kila mtalii anapita hapo. Wachache zaidi wanapita Karaolos, kaskazini kidogo ya mji, mahali ambapo Waingereza, waliokuwa watawala wa kisiwa, waliweka kambi kati ya 1946 na 1949. Walifungiwa humo Wayahudi walionusurika mauaji ya Ulaya na kukamatwa baharini wakijaribu kuingia Palestina. Kwenye kambi za Kipro kwa jumla walipita zaidi ya watu 50,000, na watoto kama 2,000 walizaliwa humo. Mahema, mabati, seng'enge, foleni ya maji. Mwaka 1960 sehemu ya filamu ya Exodus, aliyocheza Paul Newman, ilipigwa Famagusta. Miaka 11 tu baada ya kambi kufungwa, habari zake zilikuwa tayari ni burudani.

Sasa niingie kwenye siasa, kwa haraka, maana ikichambuliwa yote itamaliza kurasa za jarida hili. Kipro ina jamii mbili kubwa: Wakipro wa Kigiriki, walio wengi, ambao ni Wakristo wa Kiorthodoksi, na Wakipro wa Kituruki, ambao ni Waislamu. Uhuru ulipatikana 1960. Rais wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios, yule ambaye Waingereza waliwahi kumhamishia visiwa vya Shelisheli, na ambaye seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, Nairobi, ina jina lake. Desemba 1963 katiba ya kugawana madaraka ilivunjika na damu ikamwagika. Wakipro wa Kituruki kama 25,000 walikimbia vijiji vyao wakajibana kwenye maeneo yaliyozungukwa. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliingia Machi 1964. Bado wapo mpaka leo. Ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosaini mikataba ya miezi sita, hesabuni hapo.

Nasisitiza mwaka huo wa 1963 kwa sababu wengi huanza hadithi ya Varosha mwaka 1974, kama vile watu waliamka siku moja wakakutwa na bahati mbaya. Wakati wageni wa Ulaya wanakunywa mvinyo ufukweni, kilomita chache kutoka hapo walikuwapo raia wa nchi ile ile waliokuwa wakimbizi tayari, ndani ya nchi yao. Kadi za posta hazikuwaonyesha.

Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi waliotaka kisiwa kiungane na Ugiriki, wakisukumwa na serikali ya kijeshi ya Athens, walimpindua Makarios. Tarehe 20 Julai Uturuki ikashusha majeshi kaskazini mwa kisiwa, ikisema inawalinda Wakipro wa Kituruki. Ndege za kivita zilipiga baadhi ya hoteli za Varosha. Mazungumzo ya Geneva yakavunjika, na tarehe 14 Agosti jeshi la Uturuki likaanza kusonga tena. Siku hiyo na iliyofuata Varosha ikamwagika yote barabarani. Watu walipanda magari, matrekta, wengine kwa miguu, wakaelekea kusini kwenye kijiji cha Deryneia na kwenye eneo la kambi ya jeshi la Uingereza la Dhekelia. Wengi walilala chini ya miti ya msitu wa Achna. Wengi wao wamesimulia jambo moja: walijua watarudi baada ya siku mbili tatu. Ndiyo maana waliacha chakula mezani, nguo kwenye kamba, albamu za picha. Mtu anayejua anaondoka moja kwa moja huchukua picha. Anayetoka kwa siku mbili huchukua blanketi na mtoto.

Siku zile zile za Julai na Agosti, Wakipro wa Kituruki wa eneo hilo walikuwa wamejificha ndani ya kuta za mji wa kale, maelfu yao, wamezingirwa, wakisubiri jeshi ambalo majirani zao walilikimbia. Na tarehe 14 Agosti hiyo hiyo, katika vijiji vya Maratha, Santalaris na Aloda, si mbali na Famagusta, watu wenye silaha wa upande wa Kigiriki waliua Wakipro wa Kituruki 126, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Anayesimulia Varosha bila vijiji hivyo vitatu anauza kadi ya posta nyingine.

Mwisho wa yote kisiwa kiligawanyika. Wakipro wa Kigiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini, na Wakipro wa Kituruki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Katika sehemu nyingine za kaskazini nyumba zilizoachwa zilipata watu wapya. Varosha ya hoteli haikupewa mtu. Jeshi liliizungushia seng'enge na mapipa, likaweka mbao za kukataza kupiga picha, likaifunga. Ilishikwa kama rehani: siku ya makubaliano, itarudishwa na upande wa pili utoe kitu. Mwaka 1979 viongozi wa pande mbili waliandika kwamba suala la kurudisha watu Varosha lipewe kipaumbele. Mwaka 1984 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 550, lilisema haikubaliki kuwaweka humo watu wasio wakazi wake, na likataka eneo liwe chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2004 mpango wa Kofi Annan, ambao ungeirudisha Varosha kwa wenyewe, ulipigiwa kura. Asilimia kama 65 ya Wakipro wa Kituruki walisema ndiyo. Asilimia kama 76 ya Wakipro wa Kigiriki walisema hapana, wengi wakiogopa mengine yaliyokuwa ndani ya mpango ule. Rehani ikabaki kwenye kabati, ikiliwa na mchwa.

Ndani ya ua, nini kilitokea? Vitu vya thamani vilibebwa miaka ya mwanzo: samani, mitambo, mashuka. Halafu chumvi ya bahari ikaingia kwenye nondo, saruji ikapasuka, vibaraza vikaanza kuning'inia. Miti ikaota sebuleni. Mchanga ukapanda barabara ya Kennedy. Kasa wa baharini, ambao hawajui mambo ya mipaka, wamekuwa wakitaga mayai kwenye ufukwe huo. Mwaka 1977 mwandishi wa habari wa Sweden, Jan-Olof Bengtsson, aliona mahali hapo na kupaita mji wa mizimu. Jina likashika. Tangu hapo kila anayeandika kuhusu Varosha anaanza na mizimu.

Mimi jina hilo silipendi. Mizimu ni wafu. Watu wa Varosha walikuwa hai, wako Limassol, Larnaca, London, wanalipa kodi za nyumba na kupeleka watoto shule. Kiswahili kina neno mahame, mahali palipohamwa. Gedi, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, ni mahame: misikiti ya mawe, visima, msitu juu yake, na watalii wanalipa kiingilio. Hakuna anayekuja getini Gedi akisema, hiki chumba ni cha bibi yangu, nifungulieni. Karne zimepita, walioondoka wamepotelea kwenye koo nyingine. Varosha wako wanaokuja na hati mkononi. Mahali ambapo watu walifukuzwa na bado wanadai, sijui kama linatosha neno mahame. Mashine ya utalii lakini haitofautishi. Ukuta uliopasuka ni ukuta uliopasuka, picha inatoka nzuri.

Na utalii haukusubiri ua ufunguliwe. Upande wa kusini, Deryneia, wenye nyumba ndefu waliweka darubini juu ya paa, na wageni wakawa wanapanda kuangalia hoteli tupu ng'ambo ya eneo la Umoja wa Mataifa, kisha wanashuka kunywa kahawa. Upande wa kaskazini, hoteli ya zamani ya Constantia, iliyobaki nje kidogo ya ua, iliendelea kupokea wageni kwa jina la Palm Beach. Ungeweza kuogelea, ukatoka majini, ukatembea hatua kadhaa mchangani mpaka kwenye seng'enge. Fahari yenyewe ilihamia kilomita chache kusini, Ayia Napa na Protaras, sehemu ambazo zamani zilikuwa za wavuvi na wakulima. Leo vijana wa Ulaya wanacheza dansi huko hadi asubuhi. Simlaumu mtu wa Deryneia mwenye darubini. Wengi wa eneo hilo walipoteza mashamba yao wenyewe upande wa pili wa waya, na mtu aliyepoteza shamba huuza alichobaki nacho, hata kama ni kuangalia tu.

Jambo la karatasi ndilo linalonigusa zaidi, na nadhani ndilo litakalowagusa wasomaji wa hapa. Watu wa Varosha hawakungoja kwa machozi peke yake. Halmashauri ya mji wao inaendelea kuwepo uhamishoni. Wanapiga kura, wanachagua meya wa mji ambao hawezi kufagia barabara yake. Mwanamke mmoja, Myra Xenides-Arestis, alipeleka kesi yake Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuhusu nyumba na ardhi yake ya Famagusta, ndani ya eneo lililofungwa. Desemba 2005 mahakama iliamua kwamba Uturuki imevunja haki yake ya mali na haki yake ya makazi. Mwaka uliofuata ikaamuru alipwe Euro 800,000 kwa hasara ya mali. Hiyo si bei ya nyumba. Ni fidia ya miaka aliyozuiwa kuitumia, kama kodi ya pango. Nyumba ilibaki yake, na yeye alibaki nje yake.

Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Kaskazini iliundwa tume ya kupokea madai ya mali, na mwaka 2010 mahakama ile ile, katika kesi ya Demopoulos, ilisema tume hiyo inatosha, watu waende huko kwanza. Ikasema pia kwamba miaka 35 imepita na haiwezi kujifanya kama haikupita: kumrudisha kila mtu kungemaanisha kuwafukuza wengine. Mlalamikaji mmoja alikuwa ameondoka akiwa mtoto mdogo sana. Mahakama haikukubali kwamba nyumba ile bado ni makazi yake kisheria. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Mimi niliondoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa.

Juu ya hayo, taasisi ya wakfu ya Kituruki, Evkaf, inadai kwamba ardhi ya Varosha ni wakfu wa tangu enzi za Waosmani, na wakfu hauuzwi. Waislamu wenzangu hapa wanajua uzito wa neno hilo. Kwa hiyo juu ya kiwanja kimoja kuna hati ya Mkipro wa Kigiriki, dai la wakfu la karne kadhaa, na saini ya jeshi. Na nje kidogo ya ua, kwenye sehemu za Varosha ambazo hazikufungwa, wamekaa watu wengine, na kati yao wapo Wakipro wa Kituruki waliokimbia Limassol na Paphos. Wameacha nyumba kusini, wanaishi kwenye nyumba za waliokimbia kaskazini. Mkimbizi yuko kitandani kwa mkimbizi, na wote wawili wana picha ukutani ya mahali pengine.

Nina mjomba wangu aliyewahi kwenda kwenye zile ziara za kwenda kuona na kurudi, ninyi wa mashirika mnazijua. Alibeba fishi ya parseli ya marehemu babu kwenye mfuko wa nailoni. Alipofika kiwanjani kwetu alimkuta mama mmoja anaanika dagaa. Yule mama naye alikuwa amekimbia, kutoka vijiji vya milimani, na nyumba aliyokaa alikuwa ameiezeka upya kwa mabati aliyonunua mwenyewe. Akamwambia, karibu mgeni, akamtolea kiti. Mjomba alikaa kwenye kiti hicho, chini ya mwembe alioupanda yeye mwenyewe, akanywa maji. Fishi hakuitoa. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Ningeitoa kwa nani? Kwa yule?" Lakini fishi bado anayo, na kila mvua ikianza anaiangalia kama haijalowa.

Varosha iliyofungwa ilifunguliwa kidogo tarehe 8 Oktoba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi wa kaskazini, kwa uamuzi wa viongozi wa huko wakiungwa mkono na Uturuki, nje ya makubaliano yoyote na huku Baraza la Usalama likipinga. Julai 2021 wakatangaza kwamba asilimia 3.5 ya eneo itaondolewa chini ya jeshi ili itumike na raia. Wametandika lami mpya kwenye barabara kuu. Majengo yamezungushiwa kamba na vibao vya hatari. Getini zinakodishwa baiskeli. Ufukweni kuna viti na miavuli, na watu wanaogelea mbele ya hoteli zisizo na madirisha. Mtalii kutoka popote anapita, anapiga picha zake, anatoka.

Na wenyewe wanakuja pia. Kituo cha kuvukia cha Deryneia kilifunguliwa mwaka 2018, kwa hiyo kutoka kusini si mbali. Wanaonyesha kitambulisho, wanaingia, wanatembea kwenye lami hiyo hiyo, kwa saa zile zile za kufungua na kufunga. Wengine huhesabu ghorofa kutoka chini mpaka wafike dirisha lao. Kuvuka kamba hairuhusiwi. Baiskeli inapita nyuma yako, kengele inalia, unasogea pembeni.

Wapo Wakipro wa Kigiriki waliokataa kabisa kwenda. Wanasema kuonyesha kitambulisho kwa mtu mwingine ili uione nyumba yako ni kukubali kwamba wewe ni mgeni. Wapo wanaosema miaka inakwenda, macho yanafifia, waende waone kabla jengo halijaanguka. Sijui kama kuna mtu kutoka nje mwenye haki ya kuwaamulia. Ninachoweza kusema ni kwamba wa kwanza na wa pili wote wanaendelea kumchagua meya, na kwamba mwezi Agosti kila mwaka wanakusanyika Deryneia, upande wa kusini wa waya, mahali ambapo zile hoteli zinaonekana bila darubini.